Kahawa Iliyonuka Usipa

Eliza, mume wangu Tobias kampiga mnunuzi wa kahawa! Kampiga na jiwe la mizani, damu mpaka kwenye magunia!

Si mumeo, shemeji Methodi, alimwambia asiuze, asubiri bei? Bei imepanda kweli. Leo mnunuzi kaja hapa Matiri, kachota kahawa yetu, kainusa, kaimwaga chini. "Hii inanuka samaki!"

Inanuka samaki, Eliza! Imelala stoo moja na ule usipa tulionunua kwenu Ngumbo.

Tobias akapiga, akapiga. Nilipomshika akanibamiza ukutani, jino limetoka.

Anapiga huku anafoka, "Methodi ndiye kasema niweke vyote viwili, kahawa na usipa, kimoja kikishuka bei kingine kiniokoe!"

Mtoe mumeo nyumbani sasa hivi. Tobias kapanda bodaboda anakuja huko, na panga kabeba.