Abiria Aliyebadili Basi Mara Tano

Guangzhou, Jumanne, Novemba 1999

Nilidhani shahada yangu imeota mbawa.

Leo niliwasilisha darasani utafiti wangu wa kadi za nauli, unaoonyesha abiria wanabadilia mabasi wapi. Nikaandika ubaoni namba ya kadi moja iliyobadili basi mara tano Jumapili, kutoka mtaa wa Xiaobei hadi soko la vitambaa la Zhongda.

"Huyu alipotea kabisa," nikasema. Darasa likacheka.

Profesa akachomoa kadi yake ya nauli, akaitazama namba. Uso ukamwiva.

"Juma, mfute huyo."

"Lakini Profesa, si wewe uliyenikataza kufuta takwimu?"

Akanisogelea, akanong'ona:

"Kwani nilipaswa kubadilia wapi?"

Nikamwonyesha kwenye ramani. Akanakili kituo kiganjani, ndipo akanipitishia utafiti.