Tarehe Kumi na Tisa ya Nyumba Yetu

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Nina habari ya furaha, mpaka mkono unakimbia kuliko kalamu. Ngoja nitulie nikueleze vizuri, maana wewe hukupenda habari iliyoanzia katikati.

Kwanza ujue nimezaa. Mtoto wa kike, ana pua yako. Na kazaliwa lini? Mwaka jana, tarehe kumi na tisa, mwezi wa nne. Ndiyo, Mama. Ile ile.

Ungekuwepo ungeshika kichwa. Wewe ndiye uliyetukalisha kila mwaka tarehe hiyo, kule nyumbani Mzenga. Mihogo umechemsha tangu jana yake, visu umevifunga kwenye kanga umevisukuma uvunguni, halafu wote mkekani. Hakuna safari, hakuna moto, hakuna kupanda juu ya kitu. "Leo ni siku ya kukaa," ulikuwa unasema. "Nikimwona mtu amesimama, nijue anakwenda chooni."

Na mimi niliogopa kweli, kwa sababu ushahidi ulikuwa nao. Si tarehe hiyo upepo uling'oa bati zetu, moja likatua juu ya paa la jirani kama limepigiliwa, naye akagoma kulirudisha? Mwaka mwingine Babu akaanguka kutoka mnazini, akanyanyuka, akauliza kama chai imeiva. Mwaka ule mvua ilipobeba mpunga wote, hapo hatukucheka. Lakini nyuki kwenye harusi ya Shangazi Zena! Bibi harusi na hina yake mkononi, mbio mpaka banda la mbuzi, shehe anamuuliza idhini akiwa humo humo, mbuzi wanaitikia kabla yake. Ulikuwa ukifika hapo unacheka mpaka unalia.

Sasa huyo huyo Shangazi Zena, wifi yako, ndiye aliyekuja kukaa na mimi hapa Maili Moja nilipokaribia kujifungua. Uchungu ukaanza asubuhi ya tarehe hiyo. Mpaka hospitali kanishika magoti: "Bana, mwanangu! Bana mpaka kesho!" Nesi akamwambia, "Mama, mtoto hajui kalenda."

Nikampa jina lako, Rehema. Shangazi akakataa, akamwita Tabu. Tabu kaamka? Tabu kanyonya? Kila akipiga simu ni hivyo. Lilinichoma, Mama. Niliogopa mwanangu atakua akiamini alikuja na mkosi, na kila mwaka siku yake ya kuzaliwa atafichwa kama mgonjwa.

Basi mwaka huu ilipokaribia, Shangazi akaja tena kutoka Mzenga na mkeka kwapani na mihogo imeshachemshwa. Mume wangu Hamisi, yule anayepakua mizigo bandari kavu ya Kwala, akaniambia, "Mama Rehema, amua wewe, mimi nipo nyuma yako." Nikawaza sana. Nikakuwaza wewe. Uliondoka siku gani, Mama? Jumanne tu, siku ya watu wote. Hakuna aliyeficha kisu. Ulikuwa unachambua mchicha, ukasema umechoka kidogo, unajinyoosha... Siku ambayo wala hatukuiogopa ndiyo iliyokuchukua.

Nililia. Halafu nikafuta macho nikawasha jiko, tarehe kumi na tisa hiyo hiyo.

Nimepika pilau, nimekaanga maandazi, majirani wamejaa. Shangazi yuko mkekani, kamkumbatia mtoto mapajani, mdomo kauvuta. "Pikeni. Huyu hatoki hapa."

Mtoto akanisikia nacheka. Akajichomoa mapajani, akashika bega la Shangazi, akasimama. Kisha akaliachia bega! Hajawahi, Mama, hajawahi! Shangazi anapiga kelele, "Kaa! Tabu, kaa chini!" Hata hageuki. Akainua mguu, akayumba, akainua mwingine, akaja, akaja, mpaka akadaka gauni langu kwa mikono miwili. Vigelegele vilipasua nyumba. Na unajua nani alikuwa juu kuliko wote? Wifi yako. Amesimama wima katikati ya chumba, siku ya kukaa, kanga imemdondoka, kafungua mikono: "Rehema! Rehema wangu, njoo na kwangu!"

Rehema, Mama. Kwa mdomo wake mwenyewe.

Sasa nakuahidi. Mwakani tarehe hiyo hiyo tunakuja Mzenga, mimi na Hamisi, na mjukuu wako atatembea kwa miguu yake kutoka barabarani mpaka kaburini kwako. Shangazi kasema atawasha moto asubuhi, tutakuta chai. Usituhofie tena. Ulituhofia vya kutosha, na tulijua ni mapenzi.

Mungu akuangazie huko ulipo. Pumzika, Mama, acha mimi nikimbie, mtu wako keshafika mlangoni.

Mwanao,
Mama Rehema