Nyumba ya Mama Ilibaki ya Mwisho

Kiamunyi,
Nakuru.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Jepleting,

Chamgei. U mzima huko Doha? Joto limekuachia hata kidogo? Na goti lako je? Usiniambie limepona kama halijapona. Mimi ndimi niliyekubeba mgongoni, hilo goti nalijua. Sisi hapa tu wazima wote. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu Kimberly wa Section 58, yule tunayeimba naye kwaya, anasafiri kuja huko kazini wiki hii. Tena kuna jambo nilishindwa kukuambia kwa simu. Nikianza wewe utalia, ukilia nami nitalia, na bando itaisha. Kwa hivyo keti kwanza, na ujue mapema kwamba mwisho wake ni mzuri.

Lakini niruhusu nijisifu kidogo. Chepchirchir wangu sasa ni mhudumu wa afya ya jamii hapa kwetu. Amepewa mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, mizani ya watoto, na simu ya kazi. Ndani ya simu kuna orodha ya nyumba zake, karibu mia moja, na kila nyumba anaitembelea, anauliza, anabonyeza. Kwenye mafunzo walikuwa na mwalimu mstaafu, na huyo mwalimu ndiye aliyekuwa akimwuliza mtoto wangu, "Hapa sasa nafinya wapi?" Kanisani watu wanamwita daktari. Mimi nikisikia hivyo huwa simsahihishi mtu.

Unamkumbuka mzee Kipkirui wa pale kona? Mara ya kwanza alikataa kupimwa. Akasema, "Msichana, hiyo kitambaa yako inafinya sana, itanimaliza damu." Siku hizi anamngoja kwa geti, mkono wa shati umekunjwa tayari, na akichelewa mzee analalamika kwamba serikali imemsahau.

Sasa jambo lenyewe. Binti yako Cheruto alipotoka kwa mumewe Karagita mwezi wa pili kuja kujifungulia kwangu, unajua sisi hatutangazi mimba. Nilimpa ile sweta yangu kubwa, nikamwambia asizungukezunguke. Chepchirchir alijua, ni dada yake, lakini kwa ile orodha Cheruto hakuwemo. Mwaka jana alipokuja kutusajili alikuwa ameniuliza, "Mama, hii nyumba ina watu wangapi?" Nikamjibu, "Watu wako tu." Akasema, "Mama, simu haitaki 'wako tu'." Nikamwambia aandike anavyojua, mradi asitaje nambari mbele yangu, maana watu si mbuzi. Akaniandika mimi na baba yake, basi.

Tangu Cheruto afike, alikuwa akipita kwangu jioni akiwa amechoka. Anaweka mkoba nyuma ya mlango, anakunywa chai, tunacheka. Akitoa simu mimi namwambia, "Weka hiyo kitu, hapa si kwa watu." Basi akawa anawapima wa mbali wote, wetu anamwacha. Kliniki ya mwezi wa nne Cheruto hakwenda. Mimi ndimi niliyemzuia, nikasema kuna matope, atateleza.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Miguu ikavimba. Akaniambia anaona kama vimulimuli mbele ya macho. Nikamwambia ni jua, alale. Mimi nimezaa, na miguu yangu ilivimba kila mara, nikajiona najua.

Jumamosi ya tarehe tatu Mei, saa nne asubuhi, Chepchirchir akaingia na mkoba begani, hakuketi. Nikamkaribisha chai. Akasema, "Leo nimekuja kazi, Mama." Kumbe jana yake msimamizi wao alikuwa amefungua orodha akaona nyumba moja imekuwa nyekundu, miezi mitatu haijatembelewa. Akamwuliza mbele ya wenzake, "Chepchirchir, hawa wana mbwa mkali?" Akajibu ni kwa mama yake. Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Alikuwa bado na hasira ya hiyo aibu. "Simu haijui mama," akaniambia.

Hapo ndipo Cheruto alipotoka jikoni na thamosi. Chepchirchir akamtazama miguu. Akamketisha, akamfunga ile mashine mkononi, akaangalia, akapima tena. Akaanza kumwuliza maswali ya simu, moja moja: kichwa, macho, tumbo hapa juu. Kila swali Cheruto anaitikia. Simu ikasema apelekwe hospitali mara moja.

Nikasema angalau anywe chai kwanza. Jepleting, huyo mtoto nimemlea, na hajawahi kuniamuru hata siku moja. Aliniambia, "Hakuna chai. Lete shuka na kitabu chake cha kliniki." Nilikimbia. Mimi, na huu mwili wangu.

Jirani yetu Amarjit, yule wa duka la vyuma, alitoa pikapu kabla hatujamaliza kumweleza, na mkewe Bhagwanti akapanda nyuma nasi akamshikilia Cheruto kichwa. Chepchirchir alikuwa amekwisha kutuma habari zetu kwa ile simu. Tulipofika, nesi mmoja kijana, Sitati, alikuwa kwa mlango na kitanda cha magurudumu. Sijafungua mdomo, akauliza, "Cheruto ni yupi?" Mimi nilidhani tutapanga foleni.

Walimpasua alasiri ileile. Mtoto alitoka mdogo, kilo mbili kasoro, lakini sauti yake tuliisikia kwenye kona ya nje. Cheruto ndiye aliyetutisha. Jumapili uliponipigia nikakuambia umepata mjukuu msichana na wote wako sawa, nilikuwa nimesimama kwa korido, na mtoto wako alikuwa hajafungua macho vizuri. Nilikudanganya. Sitati aliniambia baadaye kwamba tungengoja mpaka jioni, angeweza kushikwa na degedege, na huenda tungewapoteza wote wawili. Ni mimi ningekuwa nimemweka hapo jikoni na sweta yangu. Nisamehe, mdogo wangu.

Sasa Cheruto ni mzima. Presha imeshuka, anameza dawa zake, na Chepchirchir anampima mara mbili kwa wiki. Mume wake Kipkemboi anatoka Karagita kila wikendi, anamweka mtoto kifuani ndani ya shati kama alivyofunzwa hospitalini, na anazunguka naye ploti nzima. Wanaume wanamcheka, yeye hasikii. Na anakula huyo, kila nikipika ugali naongeza unga. Mtoto amefika kilo tatu na nusu.

Mimi nami nimepata kazi, hailipi ila naipenda. Kuna nyumba ambazo kina mama wazee wanawaficha mabinti wao kama nilivyofanya. Huko Chepchirchir hatangulii, natangulia mimi. Nawaeleza nilichofanya, bila kuficha, halafu namwita yeye aingie. Tayari wawili wameenda kliniki. Hata wale waliokuwa wakimcheka kwamba anabeba mkoba kama mkunga wa zamani wameacha.

Kipkemboi anakusalimu sana. Baba Chepchirchir pia, anasema umletee yale manukato ya mwaka juzi. Mzee Kipkirui anataka ujue presha yake ni nzuri kuliko ya vijana. Cheruto anasema atakupigia mwenyewe, usimgombeze, unigombeze mimi.

Jumamosi iliyopita tulimpa mtoto jina. Tuliketi wanawake watupu, tukawaita kwa majina waliotutangulia, mmoja mmoja, tukingoja ile chafya ya kumkubali mmoja wao, mtoto kimya ananitazama tu. Nikajaribu wa upande wa Kipkemboi, kimya. Halafu nikamtaja Mama yetu, Taprandich. Akapiga chafya, maziwa yakamtoka puani. Nilishindwa hata kupiga vigelegele, Bhagwanti ndiye aliyenisaidia, naye hajui tulikuwa tunafanya nini.

Kwa hivyo ukija Desemba, usiniulize mtoto anafanana na nani. Mama mwenyewe atakuwa mikononi mwako.

Mungu akulinde huko uliko na akurudishe kwetu na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Chepkurui
(Mama Chepchirchir)