Damu Moja, Nyumba Mbili

Jumapili, jioni. Njoro.

Upepo wa leo umebeba vumbi la mashamba ya ngano tangu asubuhi, na hata sasa nikipangusa meza linarudi. Naandika ili nitulie.

Mnaosoma hapa mnamjua Njeri wangu. Wachache wanajua kwamba ana pacha. Dada yangu aliwazaa wawili, wanafanana mpaka kucha, akafariki kabla hawajafika miaka miwili. Wazee wa pande zote wakakaa chini, wakaamua kila upande uchukue mmoja. Njeri akaja kwetu. Wairimu akabaki na baba yake kule Kamere, kwa nyumba ambayo pombe iliingia kabla ya unga. Tulisikia mengi. Mwaka huu mama wa kambo alipigwa mpaka akatoroka, na majirani wakatupigia simu tukamchukue mtoto.

Sasa wana miaka tisa, na wanalala chumba kimoja kwa mara ya kwanza tangu wakiwa wachanga.

Leo mama yangu alikuja kutoka Bondeni baada ya kanisa, tukala pamoja. Njeri alikuwa akiondoa sahani mezani, moja ikamponyoka ikavunjika. Kamau, mume wangu, ana sauti nzito hata akisalimia. Aliita tu "Njeri!" na kuinuka haraka, kwa sababu mtoto alikuwa miguu mitupu na vipande vimetapakaa sakafuni.

Kufumba na kufumbua, Wairimu alikuwa katikati yao, ameshika kisu cha mkate.

Hakupiga kelele. Alimsukuma dada yake nyuma ya mgongo wake, akanyoosha kisu kuelekea tumbo la Kamau, macho makavu kabisa, akasema kwa sauti ndogo:

"Usimguse."

Nilitaka kuruka nimnyang'anye. Lakini mshauri wa watoto tuliyemwona wiki iliyopita, pale hospitali mjini, alituambia kwamba mtoto huyu akishtuka, mkubwa ajifanye mdogo. Nikakaa sakafuni palepale. Nikamwomba Kamau naye akae.

Kamau ni jitu la mtu, na hajawahi kumpiga mtoto hata kofi. Niliona uso wake ukibadilika, kwanza hasira, kisha aibu, kisha kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Woga. Akashuka polepole, goti moja, halafu la pili, akafungua viganja.

"Simgusi," akasema. "Hapa sigusi mtu, Wairimu."

Kisu hakikushuka. Nilimsikia mama nyuma yangu akinong'ona sala. Mwishowe ni Njeri aliyepenyeza mkono wake kutoka nyuma, akaushika ule mkono wenye kisu, wakabaki hivyo. Mikono miwili inayofanana, yote miwili ikitetemeka.

Yote miwili.

Kisu kikaanguka. Wairimu akakimbilia nyuma ya zizi la ng'ombe. Nilimfuata, nikakaa karibu naye bila kumshika, mpaka pumzi zake ziliporudi.

Niliporudi ndani, mama alikuwa ameshakata shauri. Alitaka mtoto apelekwe shule ya bweni, na ya mbali, au arudishwe kwa watu wa baba yake. Alisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Akanikumbusha kwamba baba yake yuko hivyo, na babu yake alikuwa hivyo.

"Ni damu, Wambui. Na damu haioshwi."

"Mama, damu hiyo hata Njeri anayo."

Akaanza kukusanya vitu vyake.

Sikusema ili nimshinde. Maneno yenyewe yalinitisha yakitoka. Njeri naye hushtuka kuliko watoto wenzake. Mlango ukibamizwa na upepo, nikimkumbatia nasikia moyo wake ukidunda kama wa kifaranga. Ila hutulia. Tangu utotoni akilia alibebwa, akiogopa aliitikiwa. Mshauri alituambia kuna watoto wanaozaliwa na mwili mwepesi kushtuka, na hilo peke yake si ugonjwa. Mwili kama huo ukilelewa mahali ambapo sauti kubwa hufuatwa na kipigo, unajifunza kupigana kabla akili haijauliza kuna nini. Nilimuuliza kama hilo hubadilika. Akasema linaweza, polepole. Hakuniahidi.

Na kuna jambo ambalo mama hakuliona. Wairimu hakuwa anajikinga. Alikuwa anamkinga dada yake.

Mpaka mama anaondoka, Kamau alikuwa nje akipasua kuni ambazo hatuzihitaji. Kisha akaja jikoni, akaniambia anaogopa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na haoni vile tutaendelea na mtoto huyu. Nikajua yameisha, mtoto atarudishwa. Akafika mlangoni, akageuka.

"Lakini tukimrudisha," akasema, "tutakuwa tumemhakikishia kwamba alikuwa sawa kutuogopa."

Tumekubaliana tujaribu mpaka shule zifungwe. Visu amevifungia kwa kabati la chumba chetu. Mshauri tutamwona kila wiki.

Nimetoka kuwalaza sasa hivi. Wairimu aliniuliza, akiangalia ukuta, atarudi Kamere lini. Nikamwambia harudi. Najua nimeahidi zaidi ya tulivyokubaliana, na Kamau bado sijamwambia.

Wairimu amejifunika blanketi akiwa na viatu, kamba zimefungwa vizuri, kama mtu anayejua ataamshwa akimbie. Nilishika kamba moja nimvue. Nikaiachilia.

Atavivua mwenyewe, siku atakayoniamini. Je, mimi nitaweza kuingoja siku hiyo?