Mama, Sikuwa Nakula na Majirani

Baraka, Jumapili mchana

Mama yangu,

Pokea salamu kwanza, habari zitafuata. Goti lako la kushoto linakwendaje na mvua hizi? Miwani bado inakaa puani au umeifunga tena kwa uzi? Mdogo wangu Feza aliniambia sasa unasoma mchana tu, karibu na dirisha, kwa hiyo nimeandika kwa herufi kubwa. Mimi ni mzima na kizunguzungu kimeisha. Barua hii anaibeba muuguzi mmoja anayekuja Kindu kupitia Bukavu. Mpe maji, mwache apumzike, ndipo umwulize maswali.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu moja. Kwenye simu nasikia sauti yako, na nikiisikia nasema uongo. Tangu nifike hapa, kila ulipouliza "Unakula na nani?" nilijibu, "Na Mama Riziki, mwenye nyumba, na watu wa kwake." Haikuwa kweli. Redioni, habari ikikosewa inasahihishwa saa ileile iliyotangazwa. Hii nimechelewa kuisahihisha kwa miezi mingi.

Siku ulipoona picha yangu katika simu ya kaka Amisi ulisema, "Mifupa ya shingo inahesabika. Kama huna mtu wa kula naye, rudi nyumbani." Sikukujibu. Sasa mkurugenzi wa redio amenipa karatasi ya mkataba mpya na anataka jibu kesho, Jumatatu. Nakueleza mambo yalivyokuwa, halafu nitakwambia nilichoamua.

Nyumba ninayopanga ina milango miwili inayotazama uwanja mmoja. Mlango mmoja ni wangu. Wa pili ni wa Mama Riziki, mjane wa rika lako, muuza mawese, anayekaa na binti yake wa mwisho na wajukuu wawili. Wao hula uwanjani, wamezunguka sinia moja. Wiki ya kwanza nilichemsha chai, nikafungua biskuti, nikakaa mlangoni. Wao walikuwa na bugali na samaki. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, nilikuwa na biskuti mkononi. Niliingia ndani nikafunga mlango. Kesho yake niliufunga kabla sijaanza kula. Baada ya hapo ikawa kawaida.

Utauliza kwa nini biskuti, wakati Baraka ina ziwa mbele na mashamba nyuma. Natoka alfajiri kwa habari za kwanza na kurudi saa nane nimechoka. Sokoni mboga zinauzwa kwa lundo, na lundo linapimwa kwa nyumba yenye watu. Mtu mmoja akilinunua, nusu inaozea kwenye beseni. Mara tatu niliozesha mboga ya lengalenga mpaka ikawa nyeusi, nikaacha. Siku za mapumziko zilikuwa mbaya zaidi. Jumamosi na Jumapili zilipita bila mtu yeyote kutaja jina langu.

Kisha siku moja, nikisoma habari, herufi zilianza kutembea kwenye karatasi. Furaha, mtangazaji wetu wa miaka ishirini na mitano, alinipokonya karatasi akamalizia kusoma kama vile ndivyo tulivyopanga. Kwenye kituo cha afya muuguzi alivuta kope yangu, akatazama, akasema, "Damu iko kidogo. Mama, unakulaka nini?" Nilimtajia. Aliandika tu: mboga, samaki, maharagwe.

Furaha alinisubiri nje.

"Yaya Mwamini, haiko weye peke yako," alisema, maana huniita kama dada yake mkubwa. "Sisi bote benye kufanya kazi tuko vile. Mi nakulaka mandazi na juisi, asubuhi mpaka magaribi. Rafiki yangu wa kwa maabara anakunywa soda ya nguvu, anasema ni chakula."

"Na shavu lako limekuwa nini?"

Alilifunika kwa mkono. Alikuwa amepaka krimu ya kujichubua, ya kopo lisilo na maandishi. Shavu moja lilikuwa limeungua.

Hapo ndipo tulipoanzisha kipindi cha dakika tano kila Alhamisi, kwa vijana wenye kazi na wasio na muda: vitu rahisi vya kula na vya kutunza mwili. Nilitoa sharti moja, kwamba hatutangazi kitu ambacho mmoja wetu hajakijaribu. Nakuambia tuliyoyapata, kwa sababu Feza naye anakimbia kazini na tumbo tupu. Ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, ukiwakaanga bila mafuta, ukawatwanga na kuwaweka kwenye chupa, unawanyunyiza juu ya chochote, hata viazi vya jana. Lengalenga inaiva kabla maji ya kuoga hayajapata moto. Maharagwe uyaloweke ukienda kazini. Na lile lundo la sokoni, tulilishinda kwa kulinunua watatu na kuligawana kwenye meza ya studio, jambo ambalo mkurugenzi halipendi, kwa sababu ya harufu ya vitunguu. Kwa nywele na visigino vilivyopasuka, mafuta ya kokwa za ngazi, matunda ya mchikichi, yale meusi, yanatosha. Furaha aliacha krimu. Kwa majuma kadhaa alikuwa na rangi mbili. "Bahati redio haina sura," alisema, akaendelea kutangaza.

Kosa langu lilikuja na tunda la avoka. Furaha alisoma kwenye simu yake kwamba avoka na asali, vikipakwa usoni kwa dakika ishirini, vinalainisha ngozi. Yeye alikataa kujaribu. "Avoka mi naipenda na mukate." Basi ikabaki kazi yangu. Jumamosi asubuhi nilinunua avoka lililoletwa kutoka Lubondja, kubwa, lililoiva vizuri, nikalisaga na asali, nikajipaka. Dirisha langu ni dogo, kwa hiyo nilifungua mlango kidogo nipate mwanga wa kujitazama kwenye kioo. Mama Riziki alikuwa anakuja kuniambia kwamba zamu ya kufagia uwanja ni yangu. Akasimama.

"Mwamini. Ni ugonjwa?"

"Hapana, Mama. Ni avoka."

"Avoka. Ile ya kukula?"

"Ndiyo. Na asali."

"Na asali." Alitazama bakuli, kisha akatazama mifupa ya shingo yangu, ileile uliyoihesabu wewe. "Uko mwembamba sawa fimbo ya kuchunga mbuzi, na chakula unakipaka inje."

Alikwenda zake. Nilipofika bombani kuchota maji, bamama walikuwa wamekwisha kupata habari.

"Mama wa redio, leo umelisha uso. Kesho utalisha magoti?"

"Mumuache, ngozi nayo inasikiaka njaa."

"Nipe ile ya mashavu, nipikie batoto."

Nilichota maji yangu. Miaka kumi na saba ya utangazaji nimefukuzwa mikutanoni na watu wakubwa na sikuona haya. Pale niliona. Walikuwa na haki: kulikuwa na wanawake kwenye mstari ule waliokuwa hawajaweka kitu jikoni tangu jana yake.

Alhamisi nilisema hewani kilichotokea: nilijaribu, ngozi yangu ilikuwa vilevile kabla na baada, na avoka lina kazi zaidi likiliwa na chumvi na ndimu. Nadhani hilo ndilo lililomleta Mama Riziki. Alikuja siku ya Jumapili, akakaa kwenye kizingiti changu bila kukaribishwa.

"Mwamini, nikuulize. Juu ya nini unafungaka mulango saa ya chakula?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilionea haya nilichokuwa nakula.

Aliugusa mlango wangu. "Siye tulizania unatukatala. Hapa kwetu, muntu akifunga mulango na chakula iko ndani, anatuambia: musikuye, musiingie. Na siye hatuingiake kwa muntu mwenye anasema musikuye."

Kumbe miezi yote hiyo mimi nilingoja waniite, na wao walingoja nifungue.

Tangu siku hiyo nilifungua. Nisikufiche, Mama, siku nne za kwanza hakuja mtu. Nilikula lengalenga yangu watu wakipita wakitazama, na ilikuwa ngumu kuliko kula ndani. Ukijifungia unaweza kusema ni mlango unaowazuia watu. Siku ya tano Mama Riziki alikuja na bugali lake kwenye sahani, akakaa, akamega, akachovya kwenye sombe langu la majani ya muhogo.

"Chumvi inakuogopesha?"

"Nimeweka."

"Na mawese haya ni ya dawa? Unapimaka na kijiko?"

Alikula hata hivyo, na mimi nikala. Katikati ya chakula nikaona ndiyo saa ya kumpa salamu zako.

"Mama yangu wa Kindu anakusalimia."

"Mama yako? Ananijulia wapi?"

Ikabidi niseme. Nilimwambia kwamba tangu mwaka jana nakueleza wewe kuwa nakula kwake, na kwamba kila mara unamshukuru. Tonge lilibaki mkononi mwake.

"Kumbe niko nakula na weye tangu mwaka jana," akasema, "na sijashiba."

Alicheka mpaka akakohoa. Akamwita binti yake aje asikie, akairudia yote tangu mwanzo na kuongeza mambo ambayo sikuyasema. Kisha akaacha kucheka. "Salamu za mama yako ulizikalia zote. Ni zangu. Zilete."

Nilizitoa kama nilivyozikumbuka: ya Krismasi, ya mvua kubwa, ile uliyomwambia ajikande mguu kwa maji ya moto.

"Mguu gani? Mguu wangu ni muzima."

Mguu ule niliutunga, Mama, ili uwe na kitu cha kuuliza. Nao nausahihisha hapa.

Baada ya siku hiyo tulikula pamoja karibu kila mchana. Yeye alileta bugali, mimi nilileta mboga. Alinifundisha kutofautisha mawese mapya na yaliyochakachuliwa kwa kuyanusa tu, na nikamsomea karatasi za kanisa lake, maana hana miwani. Mara nyingi hatukuzungumza sana. Nilirudi kituo cha afya, muuguzi akavuta kope tena, akasema damu imepanda.

Sasa sehemu ambayo ningekuficha kwenye simu. Siku kumi zilizopita binti yake mkubwa alijifungua huko Lweba. Shule zimefunga, kwa hiyo Mama Riziki ameondoka na wote, binti wa mwisho na wajukuu. Alipanda pikipiki na furushi kichwani, kwa sababu hakumwamini mwenye pikipiki kulifunga. Alisema atarudi mtoto akishika shingo. Unajua hiyo si kesho wala kesho kutwa. Kuku wake amenikabidhi mimi. Uwanja naufagia upande wangu na upande wake. Furaha yuko kwao jioni, na wenzangu wengine wana nyumba zao. Nimerudi kula peke yangu, tofauti ni kwamba sasa nakula chakula.

Neno lako nimelipima kama ninavyopima habari kabla ya kuitangaza. Ulisema, kama huna mtu wa kula naye, rudi. Kwa miezi mingi jibu la kweli lilikuwa kwamba sina, na kama ningekuambia ningekuwa Kindu leo. Leo ninaye mmoja. Yuko Lweba, na sijui atarudi siku gani. Ni kidogo, sitakuambia ni kikubwa. Lakini nikiondoka sasa, siku atakayoshuka kwenye pikipiki ataukuta mlango wangu umefungwa, na hapa unajua hiyo inamwambia nini mtu.

Mkurugenzi alitaka miaka miwili. Nimetia sahihi mwaka mmoja.

Muuguzi aliyebeba barua hii atakupa chupa mbili. Ya ndagala waliotwangwa ni ya Feza na wewe, muwanyunyize juu ya chakula, msiwapike tena. Ile nyeusi ni mafuta ya kokwa za ngazi kwa visigino vyako, Mama Riziki aliyakamua mwenyewe kabla hajaondoka. Usimruhusu mtu akuambie yananuka vibaya. Yananuka vibaya, lakini yanafanya kazi.

Nisalimie kaka Amisi, mkubwa wetu, umwambie picha nyingine nitampa nikiwa tayari. Feza, mdogo wangu, asitoke nyumbani bila kula. Shangazi Mariamu, dada ya marehemu baba, mwambie sijasahau kitambaa chake. Mwalimu jirani anayekusomea nikiandika vibaya, naye msalimie, ingawa safari hii nimejitahidi. Na Mama Riziki aliniachia salamu za kwako siku ya kuondoka. Hizi ni za kweli: amesema ukifika Baraka utakula kwake, na utashiba.

Mchana huu nimekula maharagwe, lengalenga na nusu avoka. Sikubakiza kitu.

Ni mimi, binti yako wa pili,
Mwamini