Folda ya Zahanati

Geita,
16 Agosti 1998.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Didia, na kwamba mguu uliokusumbua wakati wa kuvuna pamba umepata nafuu. Mimi sijambo, kazi inanichosha ila hainishindi. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome mwenyewe, taratibu. Safari hii usimpe mdogo wangu Paskazia aisomee nyumba nzima.

Uliniuliza kwa nini kaka Davis aliacha kazi huku Geita. Nitakujibu, lakini sharti nianzie kwenye kazi yangu ndipo utaelewa.

Bwana Ramesh, mwenye lile duka la kompyuta nililoajiriwa mjini Shinyanga, amenituma kwenye kampuni ile ile aliyokuwa akifanyia kazi Davis, inayochoronga miamba kutafuta dhahabu. Kompyuta zao zimeunganishwa kwa nyaya na moja kubwa wanayoiita seva. Humo kila idara ina folda yake ya kuwekea kazi: wahasibu, stoo, wanajiolojia, zahanati. Fundi wa kwanza aliziacha zote wazi, hivyo aliyeketi kwenye kompyuta yoyote alisoma alichotaka, hata kufuta. Wanajiolojia walipofutiwa ramani ndipo tukaitwa. Nilitakiwa kumpa kila mfanyakazi jina na neno lake la siri, kuwapanga kwa makundi, kisha kuielekeza seva kundi lipi lifungue folda ipi, nani asome tu na nani aandike.

Nilipofika zahanati, muuguzi wao, Sista Scolastika, alifunga mlango kwanza. Alinieleza kuwa wagonjwa wamemkimbia. Wasimamizi wa wachorongaji walikuwa wakisoma majibu ya vipimo kwenye kompyuta zao, na aliyeonekana na kifua kibovu mkataba wake haukuongezwa. Tangu watu walipolijua hilo, wanakohoa kwa kujificha na kununua vidonge mtaani. Nikamuuliza nani hasa anapaswa kuyasoma majibu hayo. Akasema ni yeye na daktari anayekuja kila wiki kutoka Mwanza, basi.

Nikaifunga folda hivyo hivyo. Halafu nikaenda kwenye kompyuta ya wasimamizi, nikajaribu kuifungua kwa jina lao. Ikakataa. Nikarudi kuendelea na stoo.

Kesho yake meneja wa ofisi, Bwana Herman, aliniita. Alisema wasimamizi wanalalamika, niwarudishe kwenye folda hiyo. Nikamjibu kwamba daktari akikubali kwa maandishi, nitawarudisha saa ile ile. Hakupenda.

“Wewe umeletwa kufunga waya,” alisema, “si kutupangia kampuni.”

“Nimeletwa kupanga nani aone nini,” nikamwambia. “Hii ndiyo kazi yenyewe, mzee. Sitaifungua.”

Mama, sauti yangu ilitulia. Herman alimpigia simu Bwana Ramesh palepale, akamwambia akinitetea asitegemee kazi nyingine kwao, kisha akanipa mkonga wa simu. Unamjua Bwana Ramesh, amezaliwa Shinyanga, Kisukuma anakijua kutuzidi. Alinisemesha kwa Kisukuma ili Herman asielewe. Aliuliza kama nina uhakika na nilichofanya. Nikasema ninao. Akaniambia niache ilivyo, nimalize idara zilizobaki.

Daktari alipofika nilimweleza yote. Aliwaandikia wakubwa wa kampuni kwamba majibu yakisomwa tena na wasimamizi, yeye harudi. Wakakubaliana naye. Herman hanisalimii tena, na matengenezo ya mwakani amempa fundi mwingine. Lakini folda imefungwa, na Sista Scolastika anasema benchi lake limeanza kupata watu.

Sasa kuhusu Davis. Hakuacha kazi kwa kuchoka kama alivyokwambia. Ana kifua kikuu. Msimamizi wake alisoma majibu, na mwisho wa mwezi akaambiwa mkataba umekwisha. Haya sikuyasoma kwenye seva, ingawa kama fundi ningeweza. Davis aliniambia mwenyewe Jumapili moja, chumbani kwake hapa Geita, kabla Herman hajaniita. Alikuwa amekonda, na dawa alikuwa anazikatiza kwa kuona aibu kupanga foleni. Nilipokuwa mbele ya Herman, uso wa Davis ndio niliokuwa nauona.

Sista Scolastika amempeleka kliniki ya kifua ya serikali, na kila asubuhi anameza dawa mbele ya muuguzi. Kikohozi kimepungua, ugali anamaliza. Wanasema asipokatiza atapona kabisa.

Nilimwomba nikuandikie, akakataa. Juzi akanifuata mwenyewe, akasema, “Mwambie Mama. Wengine nitawaambia mimi.” Kwa hiyo nimekwambia wewe tu. Paskazia na wajomba wakiuliza, tafadhali wajibu kwamba Davis atawaeleza mwenyewe akija. Na wewe akikaa nawe jikoni bila kusema kitu, usimharakishe.

Nisalimie Baba, wadogo zangu na majirani wote wanaonikumbuka. Nitamaliza kazi hapa kabla sijaondoka, Herman apende asipende.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Asteria