Mapigo ya Bibi wa Majoreni

Jumatano, Machi 1964

Eti nimesifiwa. Mwalimu wetu wa uuguzi, baada ya kuisoma chati yangu, ameliambia darasa zima kwamba nilihesabu mapigo ya moyo sawasawa mpaka yakakoma.

Yule bibi wa Majoreni alifariki saa nne asubuhi, nimemshika mkono. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, kama tulivyofundishwa.

Bintiye alifika baadaye. "Mwanangu, ulimtamkisha shahada kabla hajakata roho?"

Madrasa nimesoma miaka sita. Haikunijia akilini hata kidogo.

"Naam, mama. Aliitamka."

Akanishika mikono yote miwili, akashukuru, akaniombea dua.

Sikulia. Jioni nimekula wali wangu wote.

Neno la mwisho alilolisikia yule bibi duniani ni arubaini na moja.